Mpini wa Juu

Wa juu akiachia, huumia wa chini.

Mmeisikia leo pale mkutanoni. Bibi mmoja kaitupa kutoka kiti cha nyuma, mwenyekiti wa kanisa aliyekuwa akiaga aende kwenye cheo kikubwa akakatiza hotuba, nanyi wanakwaya mkacheka mkidhani ni kijembe cha kizee. Sasa mnauliza imetoka wapi. Hiyo si ya wahenga. Haikutungwa na mtu aliyekaa kivulini akifikiri. Ilitoka shimoni, ikiwa na damu, na chanzo chake ndicho hiki.

Wakati huo kanisa la Kirundeni lilikuwa banda la nyasi. Mvua ikinyesha, waumini walihamia upande mmoja kama mbuzi. Mchungaji Elinazi alikaa ng'ambo ya mlima. Alikuja mara moja moja, akabatiza, akaandaa meza ya Bwana, akaondoka kabla ukungu haujashuka. Kondoo wenyewe waliachiwa wapasua mbao wawili. Jiwe la msingi mnalolipita kila Jumapili lina jina la mmoja tu, na ndiyo maana habari hii siwezi kuisema kwa upole.

Mmoja aliitwa Mbonea. Alikuwa mrefu, msomaji asiyekwama, mtoto wa ukoo ulioutawala mlima ule tangu babu wa mababu. Mwingine aliitwa Kajiru, mfupi, mpana wa mabega, mtoto wa watu waliofika na njaa yao wakapewa kipande cha ardhi chenye mawe. Walibatizwa siku moja katika maji mamoja. Waliposimikwa kuwa wainjilisti, walisema mbele ya watu kwamba watakuwa kama msumeno wao: mipini miwili, kazi moja.

Nyinyi msumeno huo hamuujui. Siku hizo mbao hazikutoka kwenye mashine. Gogo liliviringishwa mpaka juu ya shimo lenye kina kupita kimo cha mtu, likalazwa juu ya miti ya kukingama. Mmoja akasimama juu ya gogo, mwingine akaingia shimoni, na kati yao ukapita msumeno mrefu, mpini huku, mpini huku. Wa juu ndiye mwenye macho, anafuata mstari uliopigwa kwa kamba ya mkaa. Wa chini ndiye mwenye mabega, anavuta. Wa juu anaona milima na wapita njia wanaomsalimu. Wa chini anaona nyayo za mwenzake, na unga wa mbao unamwingia machoni, puani, hata kwenye chakula chake cha mchana.

Kwa kuwa wa chini haoni, kulikuwa na sheria. Kila wakisimama kupumzika, kabla ya kuanza tena wa chini huuliza, "Umeshika?" Wa juu hujibu, "Nimeshika." Hapo ndipo wa chini anavuta kwa uzito wake wote. Asiyejibiwa havuti. Na anayejibu hali hakushika, huyo alikuwa hajawahi kuonekana.

Maneno hayo waliyaingiza hata kanisani. Mbonea akimaliza kusoma Neno, anafunga kitabu, anamgeukia mwenzake. "Umeshika?" Kajiru anajibu, "Nimeshika," kisha anasimama kulifafanua. Watu walilipenda jambo lile. Watoto walilicheza majumbani. Walikuja wengine kutoka vitongoji vya mbali kuona tu watu wawili, mmoja wa ukoo wa kiti na mmoja wa ukoo wa mawe, wakipokezana Neno kama kibuyu cha maji.

Ndipo baba mkubwa wa Mbonea akafa, naye alikuwa mkuu wa ukoo.

Kiti cha ukoo kilikuwa na mambo yake. Aliyekikalia alichinja kondoo mweusi katika msitu wa ukoo, akatema pombe ya miwa kuwaamsha wazee waliolala, akaomba mvua kwao, na wajane wa marehemu wakawa wake. Mkristo hakiwezi kiti hicho, na kila mtu alilijua hilo, wa banda la nyasi na wa msituni.

Lakini sikilizeni desturi yao ya kumpata mrithi, maana hapo ndipo penye kisa. Wazee hawakumwendea mtu kumwambia njoo utawale. Walipanda kilima cha msitu wakapuliza baragumu mara tatu, na mteule (safari hii wote walijua ni Mbonea), popote alipo, sharti aachie kile alichoshika. Kama ni jembe, ni jembe. Kama ni kamba ya ng'ombe, ng'ombe na aende zake. Walisema mkono ulioshika kitu haupokei mkuki. Mteule akiendelea kushika mpaka mlio wa tatu umalizike, basi amekataa, na wazee wanamtafuta mwingine bila kinyongo. Mnaelewa? Kukataa hakukuhitaji maneno, wala ushujaa. Kulihitaji kushika tu.

Mwaka ule jua lilikuwa kali, mahindi yalijikunja shambani. Kajiru na Mbonea walikuwa wakipasua mbao za kenchi, za kubebea paa la kanisa jipya. Siku moja Mzee Kiondo, msemaji wa ukoo, alipita pale shimoni akiegemea fimbo yake, akasimama kuwatazama.

"Mwanangu Mbonea," akasema, "hapo juu umependeza. Mtu wa juu huonekana tangu mbali."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shughuli itakuwa karibuni." Kisha akainama kidogo kuchungulia. "Na wewe panya wa shimoni, usije ukamvuta mwenzio mguu."

"Mimi kazi yangu kuvuta, mzee," Kajiru alijibu, uso wote unga. "Yeye akishika, havutiki."

Mzee Kiondo akacheka, akaenda zake. Kajiru akapanda kutoka shimoni, akajipangusa macho kwa shati.

"Ndugu yangu, tuache kazi mpaka wazee wamalize mambo yao."

"Unaniogopea?" Mbonea akatabasamu. "Watapuliza mpaka mashavu yawapasuke. Mimi siachii."

"Naogopa masikio yako. Ulizaliwa nayo kabla hujabatizwa."

"Kajiru, mama yangu amelia nyumbani mpaka amechoka. Wajomba wamekuja. Nimewaambia wote, nina kazi ya Bwana. Wewe nawe unataka nikuapie?"

"Sitaki kiapo. Nataka tubadilishane. Nipande mimi, ushuke wewe. Hata mkono wako ukiteleza, hautamwumiza mtu."

Lilikuwa jambo la busara, tena la upendo. Mbonea akatazama shimo, akatazama kilima. "Jicho lako halifuati mstari," akasema. "Utaharibu mbao za Bwana." Kajiru alipozidi kumbembeleza, likamtoka jingine, kwa sauti ya chini: "Na tena, waniite nikiwa shimoni, watu watanionaje?"

Kajiru alilisikia neno lile, akaliacha lipite. Alimpenda yule mtu. Miaka mingi baadaye alikuwa akilirudia, mwenyewe, kama mtu anayekagua shoka lililomkata. Asiye na nia ya kwenda, alisema, hajali ameitwa akiwa wapi.

Baragumu lililia asubuhi, gogo likiwa limepasuliwa nusu. Mke wa Kajiru, Nakundwa, alikuwa karibu na wanawake wenzake wakijitwika mbao. Mlio wa kwanza ulipokuja, wanawake walisimama. Msumeno nao ukasimama.

Kule chini Kajiru aliona nyayo za Mbonea juu ya gogo, na kipande cha mbingu.

"Mbonea."

"Nipo."

"Tuimbe?"

"Vuta tu."

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Akavuta. Msumeno ukashuka vizuri, ukapanda, ukashuka. Mlio wa pili ukaja, mrefu zaidi, ukagonga mlima na kurudi. Nyayo pale juu zilisogea kidogo. Unga wa mbao ukaacha kushuka. Kajiru alitaka kumwambia, shuka ndugu yangu, tukae tuombe, lakini akaona kumwambia hivyo ni kumdharau mtu ambaye amesema mwenyewe kwamba haachii. Akatia mikono kwenye mpini. Mlio wa tatu ukaanza.

"Umeshika?"

Kimya kikapita, kifupi kama pumzi.

"Nimeshika."

Kajiru akavuta kwa mwili wote, kama alivyovuta siku zote, kama anavyovuta mtu anayejua kuna mwenzake upande wa pili. Msumeno ukaja peke yake. Ukamwangusha chali na kumfuata kule chini, meno yakampitia mkono wa kuume toka kiwiko hadi kiganja. Alichosikia kwanza hakikuwa maumivu. Alisikia miguu ikiruka kutoka kwenye gogo, ikikanyaga majani, ikikimbia kuelekea kilimani. Halafu vigelegele vya huko mbali. Halafu Nakundwa akiliita jina lake juu ya shimo.

Wanawake ndio waliomtoa, kwa kanga walizozifunga pamoja. Mbonea hakugeuka nyuma. Desturi yao ilisema mteule hageuki.

Mganga wa zahanati ya misheni aliushona mkono, lakini mishipa ilikuwa imekatika. Vidole vikajikunja, havikufunguka tena wala havikufumbika.

Na mvua ikanyesha. Msitegemee niifiche. Mbonea alichinja kondoo wake mweusi, akatema pombe yake, na kabla wiki haijaisha mlima ulifunikwa na wingu likamwagika. Walioamini kwa sababu ya watu wawili wakaacha kwa sababu ya mmoja. Darasa la ubatizo lilibaki na vikongwe na wasioweza kupanda kilima. Waliokuwa wakiimba jana wakapita mbele ya banda wakinuka dengelua, pombe ile ya miwa, wakiuliza, "Kajiru, Mungu wako anapasua kwa mkono gani sasa?"

Jumapili ya kwanza aliyoweza kusimama, Kajiru alisimama. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, akisoma alipapasa maneno kama mtu anayevuka mto usiku. Kitabu alikibana kwapani, akakifungua kwa mkono wa kushoto, akasoma taratibu mpaka mwisho. Kisha ulimi ukamponyoka kwa mazoea: "Umeshika?"

Hakuna aliyejibu. Mvua iligonga nyasi. Kajiru akainamisha kichwa.

"Nimeshika," ikasema sauti upande wa wanawake.

Nakundwa alisimama, akapita mbele, akaanza kulifafanua Neno. Hakuwa na elimu ya kiinjilisti. Alikuwa amelisikia kila Jumamosi nyumbani kwake, wanaume wawili wakiliandaa huku yeye akiwapikia, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama alikuwa akisikiliza. Tangu siku hiyo kazi ile ikawa na mipini miwili tena. Hata mbao walipasua. Kajiru alipanda juu ya gogo, mpini akiufunga kwa mkanda begani na kuuongoza kwa mkono wa kushoto, mkewe akaingia shimoni. Lile jicho lililoambiwa halifuati mstari lilifuata. Nakundwa alipouliza, "Umeshika?", mumewe hakujibu mpaka ameutazama mkono wake mwenyewe.

Nao wakubwa walifanya nini? Mchungaji Elinazi alifika, akaambiwa mwanamke anahubiri, akakunja uso. Ule mkono haukumkunja uso. Alimwambia Kajiru asamehe, alimwambia Nakundwa anyamaze, kisha akapanda kumwona Mbonea nyumbani kwake, "kumrudisha kwa upole." Alimrudisha sana. Walirudi pamoja na ahadi ya mabati.

Maana Mbonea hakutaka kulipoteza kanisa. Mtu wa juu anataka kuonekana pande zote. Akatoa mabati, akatoa mafundi, akatoa fahali wa sherehe. Wake wa marehemu walibaki kwake, msitu ulibaki wake, kila msimu kondoo mweusi alikwenda na hakurudi, na watu wa kanisa walijifunza kusema, "Hayo ni mambo ya ukoo wake, moyo wake uko kwetu." Nawajua waliosema hivyo. Wengine wao wana wajukuu katika kwaya yenu.

Siku ya kulifungua kanisa, Mbonea aliketi mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, mkuki wake umeegemezwa ukutani chini ya msalaba. Kajiru na Nakundwa walikaa nyuma, karibu na mlango. Zile kenchi zilizokuwa juu ya vichwa vya watu, walizipasua wao. Mchungaji alimwita Mbonea nguzo ya Kirundeni, akamwomba atoe ushuhuda.

Mbonea akasimama. Sauti yake ilikuwa nzuri bado.

"Wengine mnakumbuka ajali ya shimoni," akasema. "Msumeno ule ungeweza kuniua. Lakini Bwana alininusuru. Sikupata hata mkwaruzo."

Watu wakasema amina. Ndiyo, walisema amina, na wengine walikuwa miongoni mwa waliojitwika mbao siku ile.

Mchungaji akaona palibaki jambo moja ili siku ipendeze. "Kajiru, baba, njoo mbele. Tusiingie nyumba mpya na vinyongo vya zamani. Mpe mwenzako mkono."

Kajiru akapita katikati ya watu. Alipofika, akasema, "Nilimsamehe zamani, Mchungaji, bila mabati. Kusamehe niliambiwa na Bwana. Kusahau mnaniambia nyinyi." Kisha akanyanyua mkono wa kuume kwa msaada wa kushoto, vidole vimejikunja kama jani la mgomba lililokauka. "Huu haushiki tena. Mwambieni yeye ashike."

Mbonea akaushika. Ilimbidi. Watu wote walikuwa wanatazama.

Kajiru akamtazama usoni. "Umeshika?" akauliza.

Hapo kila mtu aliyatambua yale maneno, maana hata watoto walikuwa bado wanaucheza ule mchezo. Mbonea akafumba macho kidogo. Labda aliyasikia maji ya ubatizo. Labda sivyo.

"Nimeshika."

Makofi yakalipuka. Na papo hapo kutoka mlangoni Mzee Kiondo, sasa amezeeka kabisa, akaita kwamba fahali yuko tayari, wageni wanangoja, na nyama haiguswi mpaka mkuu wa ukoo aikate kwanza. Aliita mara moja tu, wala hakuwa na baragumu. Mbonea akageuza kichwa, akaachia. Ule mkono usio na nguvu ukaanguka kama gogo, ukagonga ukingo wa meza mpya ya Bwana. Kovu likapasuka. Damu ikatia doa kitambaa cheupe.

Nakundwa alikuwa amekwisha kufika, akaupokea mkono kwa ncha ya kanga yake. Mbonea alikuwa ameshatoka nje. Hakugeuka. Mchungaji alikuwa akikitazama kitambaa.

Kajiru hakupaza sauti. Aliwaambia waliokaa viti vya mbele, wale waliosema amina: "Sasa mmeona wenyewe, msiniulize tena. Wa juu akiachia, huumia wa chini."

Wakatoka, yeye na mkewe, kwa mlango wa pembeni. Kitambaa kilifuliwa, fahali akaliwa, na jiwe la msingi likachongwa jina mnaloliona. Kajiru na Nakundwa waliendelea kufundisha ubatizo kwenye lile banda kuukuu mpaka nyasi zake zikaanguka, na wengi wa bibi na babu zenu walilishikia Neno pale, si kwenye mabati. Hawakuchongewa jiwe. Lile neno lilishuka nao mlimani, likaingia masokoni, shuleni, kwenye vikao, na kila anayeacha kazi ya wengi ili akakae kwenye kiti chenye mto hulisikia likimjia kutoka nyuma, kama mwenyekiti wenu leo.

Yeye hakuumia, mliona. Alikuwa amevaa suti, akaaga kwa tabasamu. Kaangalieni sasa wale mayatima aliokuwa akiwasomesha kwa jina la kanisa, wajane aliowaahidi, na ninyi wenyewe mlioambiwa na yeye, "Twendeni, niko nanyi." Halafu mrudi mniambie kama bibi yule alitukana.

Wa juu akiachia, huumia wa chini.